Chapa Kwenye Mgongo wa Kobe

Kila siku baada ya swala ya alasiri, kabla hajaigusa chai yake, Adeer Jelle alizipanga karata zake kifudifudi juu ya mkeka, safu moja ndefu, kisha akapitisha kidole gumba kwenye kona ya kila karata. Hakuhesabu. Midomo yake haikucheza. Alikwenda polepole kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kama mtu anayepita katikati ya ngamia waliolala, halafu akasema, "Alhamdulillahi, wote wapo," akazikusanya. Ndipo akanywa chai, ambayo wakati huo ilikuwa imeshafanya utando juu.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asihesabu tu, yaishe. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini halali katikati ya barabara.

"Mwenye mali akihesabu kwa mdomo, adeer, kuna masikio yanasikiliza. Mimi namjua asiyekuwepo kwa sura yake."

Adeer ni ndugu wa baba. Hatukuwa na damu moja, lakini kwetu mtu mzima huitwa hivyo kwa heshima, naye hukurudishia neno lilelile. Kwa hiyo mimi nilimwita adeer, naye akaniita adeer. Sasa nikilikumbuka neno hilo katika sauti yake, nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Alikuwa askari wa jengo letu hapa Garissa, jengo la vyumba vinne lililo karibu na stendi ya punda wa maji. Chumba cha kwanza ni duka la kopi la habaryar Saynab, mdogo wake mama, na mimi ndiye ninayekaa kwenye mashine. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Sangailu, kisha ukame ukatutawanya. Yaliyobaki nimeyasoma kwenye karatasi za watu ninazozitolea kopi: barua za kazi, vyeti vya kuzaliwa, kesi za mashamba. Ukikaa kwenye mashine huongei, unatazama. Mimi nimetazama sana. Kutazama kwangu ndiko kulikoniponza.

Yeye alitoka Hadado, upande wa Wajir. Alikuwa na ngamia mpaka mvua zikakosekana msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Alikuja Garissa na fimbo moja, redio moja, na habaryar akampa kiti akiweke mlangoni. Watu walipompita walisema salama aleikum bila kumtazama usoni, kama wanavyosalimu mlango. Juu ya paa la jengo walikaa korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, na Abdiwali, kijana wa boda anayeegesha pikipiki yake hapo nje, alikuwa akisema, "Adeer, ndugu zako wamekuja kukuona." Mzee alicheka naye. Hakuwa mtu wa kukasirika.

Karata zililetwa na Mwalimu Koome. Ni mtu wa Meru, anafundisha fizikia, na jioni zilikuwa zinamchosha maana hakuwa na mke hapa wala timu ya kushangilia. Alikuja nimtolee kopi sheria za mchezo alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa tatu, kisha akamwomba habaryar chumba cha nyuma siku za Jumamosi na Jumapili. Habaryar alikubali kwa sharti la mlango kubaki wazi na chai kununuliwa kwake. Ndivyo mchezo ulivyoingia.

Na mchezo wenyewe ni hivi. Kila mchezaji ana uhai ishirini na fungu lake la karata. Kila karata ya mnyama ina namba mbili chini. Ya kwanza tuliiita meno, ya pili tuliiita ngozi. Meno ni kiasi anachouma, ngozi ni kiasi anachovumilia. Ukimtuma mnyama kushambulia unamlaza ubavu mpaka zamu yako irudi, na aliyelala ubavu hawezi kukulinda. Mnyama wa adui asipozuiwa na wako, anakula uhai wako. Ukiisha, umekufa. Mengine ni mbwembwe.

Vijana wote walitaka meno. Waligombania simba na majoka yenye mabawa. Koome alizigawa karata nyingi kwa watu, nyingine akawaazima tu, na kila mtu alipopata mnyama asiye na meno alimtupa pembeni. Wiki nne nzima Adeer Jelle alitazama kutoka kwenye kiti chake, mgongo mlangoni, macho mezani. Wiki ya tano akasimama.

"Mnawatoa wanyama wote malishoni," alisema, "halafu mnashangaa fisi ameingia zizini."

"Basi kaa wewe, adeer, utuoneshe," Abdiwali akamwambia, akachomoa karata kutoka kwenye zile zilizotupwa. "Chukua huyu. Ni kobe. Meno sifuri, ngozi saba. Hata kuuma hajui, mtafanana."

Watu wakacheka. Mzee aliipokea ile karata kwa mikono miwili.

"Nipe na wengine ambao hamwataki," akasema.

Wakampa. Mama Mbuni, Nungunungu, Kifaru Kipofu, Ukuta wa Miiba, ambao kwenye mchezo huu huhesabiwa kuwa mnyama, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Wote walikuwa wanyama wa kulinda, wote makapi ya wengine. Koome akaona fungu halijatosha, akamwazima nyati wawili na karata za uchawi, zile zisizo na mnyama. "Hizi ni zangu, mzee, utanirudishia," akasema. Mzee akajibu kwamba mnyama wa kuazimwa anajulikana.

Mwezi haukwisha kabla hajaanza kuwapiga.

Nilijifunza kwake kwa kutazama, kisha kwa kucheza naye mchana ambapo duka lina usingizi. Alisema neno moja moja. Nilipomzuia kila mnyama wake aliyekuja, hata mdogo kabisa, alitikisa kichwa. "Kupe haui ngamia, adeer. Acha akuume. Mlinzi wako mweke kwa yule anayeua." Nilipoweka mlinzi mmoja mbele ya simba, akafa, alisema, "Simba hapigwi na mtu mmoja. Weka wawili kwa mmoja. Mmoja anashika, mwingine anachoma." Na nilipofurahi nikamtuma mlinzi wangu kushambulia kwa sababu tu nilimwona adui yuko wazi, aliingia kwenye pengo nililoliacha na kunimaliza.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la ua.

"Ua wa miiba usiokuwa na pengo ni mbaya," alisema. "Fisi anauzunguka mpaka ajipatie pengo lake, na wewe hujui wapi. Acha pengo moja. Ulichague wewe. Halafu kaa nyuma yake na mkuki."

Mkuki wake ulikuwa Nungunungu. Huyo ana sheria ya peke yake: unaweza kumshika mkononi, adui akishaanza kushambulia ndipo unamtoa, naye anamchoma yeyote anayemgusa. Kwa hiyo Adeer Jelle alicheza na uhai wake ukipungua kidogo kidogo, zizi lake likionekana limebomoka upande mmoja, na wewe unasema leo nimempata. Unawatuma wote. Wote wanalala ubavu. Anatoa Nungunungu. Halafu zamu yake ikifika, nyati wa Koome wanatoka mara moja tu, na hakuna mtu wako aliyesimama.

"Kucheza na huyu mzee ni kama kusukuma lori la mchanga," Abdiwali alilalamika. "Hashambulii! Anakaa tu!"

"Mimi nimekaa miaka arobaini," mzee alisema. "Wewe umekaa lini?"

Watu walianza kumsalimu kwa jina. Hilo nililiona. Mtu anapita na mkokoteni wa punda, mitungi inagongana, anaita kutoka barabarani, "Jelle! Kobe hajambo?" Naye ananyoosha fimbo juu.

Sasa nifike kwenye chapa.

Ilikuwa Alhamisi, jua limechoma mpaka mashine ya kopi imegoma. Mzee alikuja kwenye jiko langu la chai akaniomba sindano. Nikampa ile nene ya kushonea magunia. Akaiweka kwenye makaa, ncha ikawa nyekundu, akanambia nimshikilie karata kwenye ubao isisogee. Ilikuwa ya kobe. Kwenye kona ya mgongo akagusa mara mbili, haraka, mstari mdogo uliopinda na nukta chini yake. Ilitoka harufu ya karatasi kuungua.

"Ni nini hii, adeer?"

"Ni yetu. Shingo ya ngamia anayekunywa, na hilo tone la maji. Baba yangu aliwapiga wake, na babu aliwapiga wake. Ngamia mwenye hii akipotea mpaka Mandera, mtu anamrudisha. Anajua ni wa nani."

Tulipiga chapa zote zilizokuwa zake. Nilishika mimi. Alipofika kwenye nyati wa Koome na zile karata za uchawi aliziweka kando, akasema wa watu hapigwi chapa, ni haramu. Nikaona jambo hilo ni zuri sana. Jioni nilipokuwa nafagia ndipo nikafikiria jambo la pili. Zake zote ni walinzi. Zisizo na chapa si walinzi. Na karata mchezaji anapozishika mkononi, uso unamwelekea yeye, mgongo unanielekea mimi.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kwenye zile kurasa tatu za Koome, ambazo nilizitolea kopi mwenyewe, iliandikwa kwamba karata yenye alama mgongoni hairuhusiwi. Mzee hakusoma Kiswahili wala Kiingereza. Alijifunza mchezo kwa macho. Wale wengine hawakuona, maana kona zenyewe zilikuwa zimeshachakaa na wao walitazama meno. Mimi peke yangu nilijua. Kesho ikaja, nikacheza naye, nikatazama migongo, nikamfunga kwa mara ya kwanza. Alifurahi kuliko mimi. Aliniagizia biskuti.

Sikumwambia tena.

Wala sikutazama kila siku. Nataka kusema hivyo, ingawa haisaidii. Kuna siku niliinamisha macho makusudi nikashindwa kwa haki. Lakini mtu akishajua kwamba mlango hauna kufuli, hata akilala kitandani kwake anaujua.

Halafu Koome akaleta habari ya Nairobi. Kulikuwa na mashindano, kila mji unaleta watu watatu. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza, Abdiwali akapata kiti cha pili, na kiti cha tatu kilibaki kati ya mzee na mimi. Mwandalizi angekuja kutoka Nairobi kutusimamia, michezo mitatu, atakayeshinda miwili ndiye atakayekwenda.

Mzee alikitaka kile kiti kuliko chochote nilichowahi kumwona akitaka. Alikuwa na binti, Ramlo, ameolewa Eastleigh, hukohuko Nairobi. Mwaka ule ngamia wa mwisho alipokufa alikwenda kwake kuomba msaada, na mkwewe alimpa mbele ya wageni, akamwambia, "Mzee, chukua, usione haya." Ndipo alipoona haya. Hakukanyaga tena mlango ule.

"Nilimwambia Ramlo kwenye simu," alinieleza, akiwa ameushika mkeka kana kwamba unataka kuruka. "Nikija tena nitakuja na watu wangu. Nimetumwa na mji. Sitakaa kwenye kochi kama muombaji. Nitakunywa chai na kusema nina shughuli, naondoka."

Alikuwa ameshaniambia hivyo, na bado nilikitaka kiti. Sijawahi kuvuka daraja la Tana kwa safari yangu mwenyewe, kila nilipolivuka nilikuwa mzigo wa mtu. Habaryar alisema kama yule mwandalizi ni mwanamke na nitalala pamoja naye, naweza kwenda. Kwa hiyo nilikwenda, baadaye. Nilitolewa raundi ya kwanza. Tulipita Eastleigh na sikumtafuta Ramlo.

Mwandalizi aliitwa Risper. Alishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi, miwani imejaa vumbi, akanawa uso kwa maji ya jerikeni na kutuuliza majina yetu mara mbili ili asiyakosee. Alikuwa mpole. Ningefurahi sana kusema kwamba alikuwa mkali.

Chumba cha nyuma kilijaa. Waliingia hata watu wa punda. Mzee alivaa shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona, limekunjwa mistari kama limetoka kwenye sanduku. Alisema bismillahi, na kila alipovuta karata kutoka kwenye fungu lake aliyatazama maji ya chai au mlango, asilitazame fungu. Ndivyo alivyovuta siku zote. Alisema riziki haichunguliwi ikiwa njiani. Kwa hiyo hata kama chapa ilikuwa juu ya fungu, yeye hakuiona. Kuna mtu mmoja tu chumbani aliyejua hilo kwa hakika, na ni mimi, kwa sababu nilimtazama miezi yote hiyo.

Mchezo wa kwanza alinimaliza taratibu. Sikutazama migongo, nilijilazimisha. Nungunungu akanichoma mara mbili, nyati wakatoka, nikaisha.

"Mlinzi wa ikulu huyo!" mtu akapiga kelele.

Mchezo wa pili ukaenda mpaka yeye akabaki na uhai tisa na mimi nne. Mbele yake walisimama Kobe na Ukuta wa Miiba. Nyati wake alikuwa amelala ubavu, amenishambulia zamu iliyotangulia. Mimi nilikuwa na simba, chui, na fisi wawili wenye meno matano kila mmoja. Hesabu ilikuwa rahisi. Nikiwatuma wote wanne, Kobe atashika mmoja, Ukuta utashika mwingine, na wawili watapita. Wawili hao wakipita, amekwisha. Ni pengo. Lakini nilijua mapengo yake. Ikiwa Nungunungu yumo katika zile karata mbili alizoshika, wangu watachomwa, nitabaki nimelala ubavu wote, na nyati atasimama anile.

Nikainua macho. Karata mbili. Migongo safi. Kona zote nne tupu.

Hakukuwa na mkuki nyuma ya ua.

"Wote," nikasema, nikawalaza.

Abdiwali akasema, "Eh, dada Amran, umejiua." Mzee akanitazama muda mrefu, akaweka Kobe mbele ya simba na Ukuta mbele ya chui. Fisi wakapita, tano na tano. Akazifungua karata zake mbili, zote za uchawi zisizofaa kitu wakati huo. Watu wakalipuka.

"Umejuaje kwamba zizi liko wazi?" akaniuliza. Alikuwa anatabasamu kwa kweli, kama mwalimu.

"Nimebahatisha tu, adeer."

"Hapana. Umekua."

Kabla ya mchezo wa tatu Risper alisema lazima akague karata za wote wawili, ndio utaratibu. Alianza na zangu. Kisha akachukua za mzee, akazipitisha dirishani penye mwanga, na mkono wake ukasimama. Akageuza moja. Akageuza nyingine. Akazitenga mafungu mawili mezani, zenye alama na zisizo nazo, halafu akazifunua. Upande huu walinzi wote. Upande ule nyati na uchawi.

"Hizi zimewekewa alama," akasema, si kwa sauti kubwa.

"Waryaa!" Abdiwali akaruka. "Mzee ako na GPS! Ndiyo maana kobe wake hapotei!"

Kicheko kilikuja kwanza, kikubwa. Halafu kikafa vibaya, na mtu mmoja nyuma akasema kwa Kisomali neno fupi, tuug. Mwizi. Mwingine akalirudia. Hata Risper, ambaye hakijui Kisomali, alilielewa.

Mzee alikuwa bado hajaelewa. Aliwatazama wote, akatabasamu kidogo, akangoja mtu ampe maana.

"Ni chapa yetu," akasema. "Mnyama wangu nisimpige chapa?"

Koome aliinama, akamweleza polepole. Kwamba mtu akijua mgongo wa karata anajua kinachokuja kwenye fungu lake. Kwamba huo ni wizi kwenye mchezo, kokote duniani. Nilimwona mzee akifikiria, nikaona neno linapofika. Liliingia usoni mwake kama maji ya baridi. Shingo yake ilishuka ndani ya lile shati jeupe.

"Mimi sijatazama," akasema.

"Mzee, nakuamini," Risper alimwambia, na nadhani ni kweli. "Lakini siwezi kuandika kwamba nakuamini. Ninayo mifuko ya plastiki hapa, tunaweza kuzifunika karata mcheze mchezo wa tatu. Ninahitaji mtu mmoja tu aseme kwamba alijua alama hizi ni za nini, na kwamba hukuzitumia. La sivyo lazima niandike jina lako, na hutakaa kwenye meza ya mashindano tena." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekaa mbele yake. Uliziona alama hizi kabla ya leo?"

Lilikuwa jambo la kufungua mdomo tu. Niseme nilishika ubao. Niseme sindano ni yangu, makaa ni yangu, na yeye huvuta karata akitazama mlango. Lakini wangeniuliza swali linalofuata. Wangeniuliza: kama ulijua, basi ulipowatuma wote wanne ulitazama nini? Na habaryar Saynab alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Sijaona kitu," nikasema.

Mzee aligeuza kichwa akanitazama. Hakukasirika. Nilizoea kuyaona macho yake yakihesabu bila kuhesabu, yakipita juu ya wanyama wa mezani, yakijua nani yupo na nani hayupo. Yalinipitia hivyo. Nikajua amejua yote, hata ule mchana wa biskuti.

Abdiwali akasema, "Lakini Amran si ndiye anakaa na yeye kutwa kila siku? Asione vipi—"

"Msichana hajui kitu," mzee akamkata. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda. "Mkono ni wangu. Sindano niliinunua sokoni. Mwache."

Risper akashusha macho kwenye daftari lake.

Mzee alizivuta karata zote mbele yake, mafungu yale mawili, akayachanganya kuwa moja, sijui kwa nini, labda hakutaka kuyaona yalivyotengwa na mtu mwingine. Kisha akazitenga mwenyewe. Hakutazama. Kidole gumba kilipita kwenye kona, hii huku, hii kule, haraka, mpaka zikaisha, bila kukosea hata moja. Fungu la nyati na uchawi akalisukuma kwa Koome.

"Wako wote wapo, mwalimu. Angalia."

"Mzee, sina haja ya—"

"Angalia."

Koome akaangalia, macho mekundu, akaitikia kwa kichwa.

Fungu la pili akalisukuma kwangu. Kobe alikuwa juu, mgongo wake juu, shingo ya ngamia na tone la maji.

"Wape maji, adeer," akasema.

Ndivyo mtu anavyosema kwetu anapokuachia mifugo yake akaenda mbali. Alisimama, akatafuta ndala zake kati ya ndala za watu, akazivaa. Watu wakampisha mlangoni, wakapisha zaidi ya inavyohitajika. Habaryar akamwambia, "Jelle, kunywa chai kwanza," naye akaweka mkono kifuani, akapita. Pale nje alichukua fimbo iliyoegemea ukuta. Redio aliiacha juu ya kiti, inasema, habari za saa kumi za Kisomali.

Tulidhani amekwenda msikitini, kwa sababu adhana ilikuwa karibu na redio ilikuwa bado inasema. Nilimwona kutoka dirishani akipita kati ya punda wa maji, shati lake jeupe na ile mistari ya sanduku mgongoni, bila kuinua fimbo kwa mtu. Redio ilisema Jumamosi yote na Jumapili. Jumatatu sauti ikaanza kukwaruza. Hakuna aliyethubutu kuizima. Jumanne adhuhuri betri zikaisha, na kiti kilikuwa bado kitupu.